Jinsi ya kuzipata na kuzisoma nyaraka za Ruth Benedict kuhusu Japani na vita

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Nyaraka za Ruth Benedict ziko wapi, naweza kuzisoma nikiwa Dodoma au Eldoret bila kupanda ndege, nianzie boksi gani, nikishapata kopi nazitaja vipi kwenye tasnifu. Nimeona niyajibu yote sehemu moja, kwa mpangilio kazi yenyewe inavyokwenda, maana kujibu vipande vipande kunamchanganya anayeuliza na mwishowe analipia kopi ambazo hakuzihitaji.

Kwa ambaye ndo kwanza anakutana na jina hili: Ruth Fulton Benedict alikuwa mwanaanthropolojia Mmarekani, kazaliwa New York 1887, kafariki 1948, mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Franz Boas pale Chuo Kikuu cha Columbia na baadaye mwalimu hapo hapo. Mwaka 1943 aliingia Office of War Information, ofisi ya serikali ya Marekani iliyoshughulika na habari na propaganda za vita, na Juni 1944 akapewa kazi ya kuichambua Japani. Hakuwahi kukanyaga Japani, si kabla ya vita wala baada. Alifanya kazi kwa kusoma vitabu, kuangalia filamu za Kijapani, kupitia shajara zilizotekwa vitani na maelezo ya mateka, na kukaa na Wajapani waliokuwa Marekani akiwauliza. Humo ikatoka ripoti ya ndani ya 1945 inayoitwa Japanese Behavior Patterns, afu 1946 kikatoka kitabu chake maarufu, The Chrysanthemum and the Sword. Karatasi zilizobaki nyuma ya kazi hiyo ndo tunazozitafuta.

Namtumia yeye kama mfano kwa sababu watafiti wamepita sana kwenye nyaraka zake na njia inajulikana. Ukimtaka msomi mwingine wa kipindi kile, kina Alexander Leighton, John Embree au Geoffrey Gorer, hatua ni hizi hizi.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Kitabu cha 1946 uwe umekisoma chote, pamoja na kurasa za shukrani mwanzoni. Watu wanaziruka zile kurasa, na ndimo majina yalimo.
- Jedwali la kuandikia, iwe Excel, Google Sheets au daftari lenye mistari. Safu zake: tarehe, aliyeandika, aliyeandikiwa, aina ya karatasi, namba ya boksi, namba ya folda, jina la faili la picha, na maoni yako.
- Kiingereza cha kutosha kusoma barua za taipu za miaka ya 40. Kijapani si lazima kwa nyaraka hizi ila uwe na mtu wa kumuuliza pale jina au neno la Kijapani linapotokea.
- Imeili yenye jina lako kamili, ya chuo ikiwezekana.
- Nafasi ya kuhifadhi picha sehemu mbili tofauti.
- Akiba ya kulipia skani. Kila maktaba ina bei zake na zinabadilika, kwa hiyo uliza kabla hujaagiza.
- Subira. Mtunza nyaraka anahudumia watu wa dunia nzima na si kila siku ana nafasi ya kwenda stoo kukufungulia boksi.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Nataka kujua Benedict alisema nini kuhusu Japani" bado halijawa swali la nyaraka, jibu lake liko kwenye kitabu na huhitaji boksi hata moja. Tafuta kile ambacho kitabu hakikuambii. Mfano: alizungumza na kina nani, walikuwa kwenye hali gani walipozungumza naye, na maneno yao yalibadilikaje kuanzia maelezo ya mahojiano mpaka kwenye ripoti ya 1945 na kitabu cha 1946. Au: wachambuzi wa ofisi ile walishauri nini kuhusu Mfalme wa Japani kabla vita haijaisha, na ushauri wao ulifika kwa nani. Swali la namna hiyo linakuonyesha lenyewe folda za kuomba.

Angalizo. Kuna wenzetu wengi wanaokuja huku wakitafuta habari za babu zao waliopigana na Wajapani Burma, ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944, au waliozama na meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa na kupigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944. Hiyo ni kazi nzuri na inahitaji watu, lakini kwa Benedict hutaipata. Anzia Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew na Nyaraka za Taifa za Kenya pale Nairobi.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya majina na tarehe

Barua kwenye mkusanyo wa msomi mara nyingi hupangwa kwa majina ya waandishi wake, kwa hiyo asiye na majina anazunguka tu. Kwa swali lolote la Japani na vita, haya uwe nayo kuanzia mwanzo.

Alexander Leighton, daktari wa magonjwa ya akili, aliongoza kitengo cha Foreign Morale Analysis Division alichofanyia kazi Benedict. Kabla ya hapo alikuwa kwenye kambi ya Poston, Arizona, akiongoza ofisi ya utafiti ndani ya kambi ile walikofungiwa Wamarekani wenye asili ya Japani. Clyde Kluckhohn, mwanaanthropolojia wa Harvard, alikuwa naye kwenye kitengo. Geoffrey Gorer, Mwingereza, ndo aliyekuwa ofisini kabla ya Benedict na alishaandika kuhusu tabia za Wajapani tangu 1942. John Embree ni wa kipekee kwa sababu yeye aliishi kijijini Japani, Suye, huko Kyushu, 1935 hadi 1936, na baadaye akawa mkosoaji mkali wa hizi tafiti za tabia ya taifa zima. Margaret Mead alikuwa rafiki wa karibu wa Benedict na ndiye aliyebaki kusimamia maandishi yake. Na Robert Hashima, ambaye Benedict mwenyewe anamshukuru kwa jina: kazaliwa Marekani, kakulia Japani, karudi Marekani 1941, akafungiwa kambini, afu akaenda Washington kufanya kazi kwenye ofisi za vita.

Tarehe za kuziweka ukutani: 19 Februari 1942, amri namba 9066 ya Rais Roosevelt iliyofungua njia ya kuwahamisha watu wenye asili ya Japani zaidi ya laki moja kwenda kambini, wengi wao raia kwa kuzaliwa. Juni 1944, Benedict anapewa Japani. Desemba 1944, mkutano wa Institute of Pacific Relations, taasisi iliyochunguza mambo ya nchi za Pasifiki, kuhusu tabia ya Wajapani, ambao Mead aliuandikia muhtasari. Agosti 1945, Japani inasalimu amri. 1946, kitabu. 1948, tafsiri ya Kijapani inatoka na mwaka huo huo, Septemba, Benedict anafariki.

Tarehe zina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Karatasi ya Machi 1945 imeandikwa na mtu ambaye hajui vita itaishaje, ya Novemba 1945 imeandikwa na mtu anayejua. Ukizichanganya hizo mbili uchambuzi wako wote unayumba.

Hatua ya 3: Jua kila kundi la karatasi liko wapi

Hapa ndo wengi wanapokwama, wanadhani msomi mmoja ana stoo moja. Nyaraka zake binafsi ziko Vassar College, chuo alichosoma yeye mwenyewe na kuhitimu 1909, mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York, na mkusanyo unaitwa Ruth Fulton Benedict Papers. Humo kuna barua, rasimu, maelezo ya utafiti na maandishi mengine ya maisha yake.

Lakini alipokuwa Washington alikuwa mtumishi wa serikali, na kazi ya serikali ina makazi yake. Rekodi za Office of War Information ziko Nyaraka za Taifa za Marekani, kundi namba 208, na za War Relocation Authority, mamlaka iliyosimamia zile kambi kumi, ni kundi namba 210. Kituo chenye chumba kikubwa cha watafiti ni cha College Park, Maryland, ila usifunge safari bila kuwauliza kwanza maboksi unayoyataka yako jengo gani. Nyaraka za Mead ziko Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, na ni bahari. Karatasi za utafiti wa Leighton kutoka Poston zitafute Cornell. Gorer yuko Uingereza, Chuo Kikuu cha Sussex. Na ule utafiti mwingine mkubwa wa kambini ulioongozwa na Dorothy Swaine Thomas uko maktaba ya Bancroft, Berkeley.

Kwa hiyo ripoti moja unaweza kuikuta sehemu tatu, nakala ya mwandishi, nakala ya ofisi na nakala ya rafiki aliyetumiwa asome, na kila nakala inaweza kuwa na maandishi tofauti ya kalamu pembeni, ndo maana usiseme umeimaliza ripoti kwa sababu umeona nakala moja.

Hatua ya 4: Soma orodha ya mkusanyo mwanzo mpaka mwisho

Kila mkusanyo una orodha yake iliyoandaliwa na watunza nyaraka, na kwa kawaida iko wazi mtandaoni. Itafute kwa jina la mkusanyo pamoja na jina la chuo. Usikimbilie kutafuta neno "Japan" ndani yake. Anza na maelezo ya mwanzo: mkusanyo ulifikaje, nani alileta, nini kimezuiwa, umegawanywa makundi gani. Afu ndo ushuke kwenye maboksi na folda.

Unaposoma, kila folda unayoihisi iweke kwenye jedwali kwa namba kamili ya boksi na folda. Angalia sehemu tatu tofauti, maana Japani haijakaa mahali pamoja: barua (kwa majina ya Hatua ya 2), maandishi na rasimu, na karatasi za kazi ya vita. Folda inayoitwa tu kwa jina la mtu inaweza kubeba mambo ya Japani mengi kuliko ile iliyoandikwa Japani juu yake.

Kosa la kawaida: mtu anaona kichwa cha folda anaamua kilichomo. Vichwa vya folda vinaandikwa kwa maneno machache sana. Weka alama ya kuuliza, uliza kwanza kuna kurasa ngapi humo.

Hatua ya 5: Angalia kilichopo mtandaoni bure

Kabla ya kulipia chochote pitia Densho, shirika la Seattle linalohifadhi historia ya Wamarekani wenye asili ya Japani. Wana picha, magazeti ya kambini, barua, na mahojiano ya video ya watu waliofungwa, na ni bure. Bancroft nao wameshaskani sehemu kubwa ya ule utafiti wa kambini. Library of Congress, na maktaba za mtandaoni za Internet Archive na HathiTrust, uzipitie pia, ripoti nyingi za serikali za wakati ule zimo.

Sisemi hivi kwa ajili ya kuokoa hela tu. Ukisikiliza kwanza sauti za waliokuwa kambini, ukija kukutana na karatasi ya ofisi inayowaita kwa namba au kwa kundi, unaisoma ukijua upande wa pili wa meza walikaa watu gani.

Hatua ya 6: Mwandikie mtunza nyaraka

Imeili iwe fupi na yenye namba. Utaiandika kwa Kiingereza, ila mambo ya kusema ni haya:

"Habari. Naitwa fulani, ni mwanafunzi wa shahada ya pili ya historia, chuo fulani, Tanzania. Naandika tasnifu kuhusu mahojiano aliyofanya Ruth Benedict na watu wenye asili ya Japani, 1944 hadi 1946. Nimesoma orodha ya Ruth Fulton Benedict Papers na naomba kujua kuhusu folda hizi: (boksi, folda, jina la folda kama lilivyo kwenye orodha). Je, kila folda ina kurasa ngapi takriban? Kuna kizuizi chochote? Gharama ya skani ni kiasi gani, na kuna utaratibu kwa mtafiti asiyeweza kusafiri? Ahsante."

Basi. Usiweke historia ya maisha yako, usiombe "kila kitu kuhusu Japani", na usiombe wakufanyie utafiti. Folda chache kwa mara ya kwanza zinatosha, ukishaona kilichomo utaomba nyingine. Ukipata jibu zuri, mshukuru mtu huyo kwa jina kwenye tasnifu yako, wanastahili kabisa.

Hatua ya 7: Kama unakwenda mwenyewe, au unamtuma ndugu aliye Marekani

Weka miadi kwanza. Poughkeepsie unafika kwa treni ya Metro-North kutoka Grand Central, New York, mwendo wa kama saa mbili hivi. College Park utatengenezewa kadi ya mtafiti, ni bure, njoo na pasipoti.

Masharti ya vyumba vya kusomea yanafanana karibu kila mahali: begi linabaki nje, penseli tu hakuna kalamu ya wino, hakuna chakula wala maji, folda moja mezani kwa wakati, karatasi zibaki kwenye mpangilio uliozikuta hata kama unaona umekosewa. Ukiona umekosewa, mwite mhudumu umwonyeshe.

Kupiga picha kwa simu mara nyingi wanaruhusu bila flashi, ila omba kwanza. Hapa nisikilize vizuri maana ndo panapoharibu kazi ya watu. Kata kipande cha karatasi, andika kwa penseli jina la mkusanyo, boksi na folda, kiweke pembeni ya waraka ili kiingie kwenye kila picha. Kila picha, siyo ya kwanza tu. Piga jalada la folda, piga ukurasa mzima pamoja na kingo zake, geuza nyuma uone kama kuna maandishi. Karatasi za miaka ile nyingi ni kopi za kaboni kwenye karatasi laini inayoonyesha upande wa pili, herufi zina ukungu wa buluu au mweusi, kwa hiyo weka karatasi nyeupe tupu chini yake (omba wakupe) na utaona maneno yanavyosimama. Jioni hiyo hiyo badilisha majina ya mafaili: Vassar_Benedict_B00_F00_001, ukiweka namba halisi. Ukiiacha mpaka urudi nyumbani unabaki na mamia ya picha za karatasi za taipu zinazofanana zote.

Hatua ya 8: Soma kila waraka kwa maswali haya

Nani kaandika, kwa nani, lini, akiwa ofisi gani? Ni rasimu au toleo la mwisho? Kuna muhuri wa siri? Maandishi ya kalamu pembeni ni ya nani? Aliyetoa habari alizipata wapi?

Hilo la mwisho ndo moyo wa kazi nzima na naomba usilipite haraka. Nyaraka hizi hazikuonyeshi Japani. Zinakuonyesha jinsi taifa moja lililokuwa vitani lilivyojaribu kumwelewa adui wake kwa mbali, kupitia watu wachache ambao wengi wao hawakuwa huru. Mateka anajibu maswali ya aliyemteka. Askari aliyeandika shajara aliiandika kwa ajili yake na watu wake, afu ikachukuliwa kwenye maiti au handakini, ikatafsiriwa na vijana wa Kimarekani wenye asili ya Japani ambao wengine familia zao ziko kambini wakati huo huo. Mtu aliyefungiwa Arizona jangwani anaulizwa na mtumishi wa serikali iliyomfungia: unamwonaje Mfalme wa Japani? Jibu lake lina uzito, lakini lina na hofu na hesabu ndani yake, na pengine anafikiria mama yake yuko bloku ya pili.

Kwa hiyo ukikuta sentensi inayosema "Wajapani wanaamini kwamba...", shika penseli uandike pembeni ya kopi yako: Wajapani gani? Mara nyingine ukifuatilia nyuma unakuta watu wawili watatu, au mmoja. Hashima alikulia Japani kipindi cha miaka ya 30, shule zikiwa zimejaa mafundisho ya kijeshi na ya kumtukuza Mfalme, na wapo wasomi wanaosema kitabu kimebeba sana elimu ile ya shule kuliko maisha ya watu wote. Hiyo ni hoja unayoweza kuipima mwenyewe ukiwa na folda mbele yako, na ndo raha ya kazi hii.

Maneno ya dharau kwa Wajapani utayakuta, ilikuwa lugha ya kawaida ya vita. Yanukuu pale tu yanapohitajika kwenye hoja, na usiyalainishe. Majina ya watu wa kawaida waliohojiwa, ambao hawakuwahi kuchapishwa popote, yafiche kwa herufi. Wana watoto na wajukuu.

Hatua ya 9: Linganisha ripoti, kitabu, na sauti za Wajapani wenyewe

Weka ripoti ya 1945 na kitabu cha 1946 pembeni kwa pembeni. Ripoti iliandikwa kwa maofisa, kitabu kwa Wamarekani wa kawaida ambao jeshi lao tayari liko Tokyo likitawala. Tia alama kilichoongezwa, kilichotolewa, na mahali sauti imepoa.

Afu soma wakosoaji wa Kijapani. Tafsiri ilipotoka 1948 wasomi wakubwa kama Watsuji Tetsurō na Yanagita Kunio waliijibu, wengine kwa ukali, wakihoji hasa jinsi jamii yenye matabaka, mikoa na vizazi tofauti ilivyogeuzwa kuwa mtu mmoja mwenye tabia moja. Bila wao kazi yako itakuwa Wamarekani wakizungumza peke yao.

Angalizo kubwa: usiandike kwamba Benedict ndiye aliyemwokoa Mfalme asiondolewe. Ni kweli wachambuzi wa kitengo kile walishauri propaganda isimshambulie Mfalme, lakini uamuzi ulipita mikono mingi, kuanzia Washington mpaka kwa MacArthur, jenerali aliyeongoza jeshi lililotawala Japani baada ya vita, na Leighton mwenyewe aliandika baada ya vita jinsi wafanya maamuzi walivyozitumia kidogo tafiti zao. Ukitaka kudai ushawishi, onyesha waraka unaoonyesha nani alisoma ripoti na akafanya nini.

Hatua ya 10: Taja vizuri, na jua haki za kuchapisha

Mpangilio unaoeleweka kila mahali: aina ya waraka na wahusika, tarehe, boksi, folda, jina la mkusanyo, maktaba, mji. Kama orodha yao ina namna yake wanayotaka watajwe, fuata hiyo.

Kuhusu haki: kwa sheria ya Marekani maandishi ambayo hayajachapishwa yanalindwa miaka 70 baada ya mwandishi kufariki. Benedict kafariki 1948, kwa hiyo barua zake ambazo hazijawahi kuchapishwa ziko huru tangu Januari 2019. Lakini barua alizoandikiwa ni za waliomwandikia! Mead kafariki 1978, barua zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2048, hata kama karatasi yenyewe iko kwenye boksi la Benedict. Ripoti alizoandika kama mtumishi wa serikali ya Marekani hazina kizuizi hicho. Kunukuu mistari michache kwenye tasnifu haina shida kwa kawaida, kuchapisha barua nzima au picha yake ndo uombe ruhusa.

Ukikwama

*Nimetuma imeili hakuna jibu.* Subiri wiki mbili hivi, tuma tena kwenye anwani ya idara siyo ya mtu binafsi, ukiambatisha ile ya kwanza. Likizo za vyuo vya Marekani, hasa mwisho wa Desemba na katikati ya mwaka, zinachelewesha sana.

*Nimetafuta jina la Kijapani halipo.* Jaribu tahajia nyingine, maana wakati ule Konoe aliandikwa Konoye na mji wa Tokyo unaweza kukutana nao kama Tokio. Geuza pia mpangilio, jina la ukoo mwanzo au mwisho. Na herufi yenye mstari juu kama ō ijaribu bila mstari.

*Folda niliyoomba imezuiwa.* Uliza kizuizi ni cha nini na kinaisha lini. Kwenye nyaraka za serikali ukikuta karatasi imewekwa badala ya waraka ulioondolewa, iandike tarehe na maelezo yake yote, kwa sababu unaweza kuomba waraka huo ukaguliwe upya, na mara nyingine nakala yake iko wazi kwenye mkusanyo mwingine.

*Skani haisomeki.* Ongeza giza la herufi kwenye programu ya picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, jaribu na kuigeuza rangi. Ikishindikana omba warudie ukurasa huo mmoja kwa ubora wa juu, taja namba ya ukurasa.

*Mwandiko wa mkono haueleweki.* Tafuta barua ya mtu huyo huyo yenye maneno unayoyajua, tarehe, majina ya miji, salamu za mwisho, utengeneze alfabeti yake kwenye karatasi. Ukurasa wa kwanza utakula asubuhi nzima, wa tano unasoma kama gazeti.

*Hela ya skani haitoshi.* Omba folda moja tu iliyo muhimu kuliko zote, na uulize kama maktaba au chuo kina ruzuku ya watafiti wa mbali. Mwenzako aliye karibu na New York anaweza kukupigia picha ukimpa namba za boksi na folda na maelekezo ya Hatua ya 7.

*Barua inataja kiambatisho, kiambatisho hakipo.* Hii hutokea sana, kwa sababu aliyetuma alibaki na kopi ya barua na kiambatisho kikaenda kwa mpokeaji. Kifuate huko: kama alitumiwa Mead angalia Library of Congress, kama alitumiwa Gorer angalia Sussex, kama ilikwenda ofisini angalia kundi namba 208, na utafute kwa tarehe ya barua kwanza, jina la ripoti baadaye.